Kodi ya boti iliyotumika inayonunuliwa nje: mwongozo kwa mnunuzi wa Kigoma

Mnunuzi wa Kigoma anayepata boti ya faiba iliyotumika huko Mpulungu, Zambia, au Bujumbura, Burundi, huanza kwa kukagua bodi na mashine, kisha hupatana bei. Swali la iwapo bei hiyo imebeba kodi ya nchi ya muuzaji mara nyingi hulikumbuka akiwa ameshalipa.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi tunaiita VAT, kwa kawaida hulipwa katika nchi ambako bidhaa itatumika. Ndiyo maana bidhaa inayouzwa nje hutozwa asilimia sifuri kule inakotoka, kisha hutozwa kiwango kamili inakoingia. Zambia hutoza 16%, Burundi 18%, na Tanzania Bara 18%. Tuseme mfanyabiashara wa Mpulungu aliyesajiliwa VAT anataka dola 11,600 pamoja na kodi: humo ndani dola 1,600 ni za serikali ya Zambia, na boti yenyewe ni dola 10,000. Hata hivyo, hawezi kukuondolea kodi hiyo kwa neno la mdomo, kwa sababu ni lazima athibitishe kwamba boti imevuka mpaka. Andikianeni, basi, kwamba atashikilia dola 1,600 kama amana na kuzirejesha atakapopokea nyaraka za forodha za kutoka. Muuzaji binafsi asiyesajiliwa hana VAT ya kurejesha, na akikwambia amekupunguzia kodi, hayo ni maneno ya soko tu.

Upande wa Tanzania, hesabu haianzii kwenye bei peke yake. Bei ya dola 10,000, usafiri 800 na bima 200 hufanya thamani ya forodha ya dola 11,000. Ushuru hutegemea boti imeainishwa vipi, kwani katika Sura ya 89 ya ushuru wa forodha boti za abiria na mizigo ziko chini ya namba 8901, za uvuvi 8902 na za starehe 8903. Kwa mfano tu, ushuru ukiwa 10%, utalipa dola 1,100, na VAT itakokotolewa juu ya 12,100, yaani dola 2,178, kabla ya tozo nyingine.

Wapo wanaoamini kwamba boti ya Bujumbura haina ushuru kwa kuwa Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msamaha huo ni wa bidhaa zenye cheti cha uasilia, yaani kinachothibitisha kwamba asili yake ni ndani ya Jumuiya. Boti iliyoundwa Japani haigeuki ya Burundi kwa kuelea huko miaka kumi, na VAT iko palepale.

Usikubali ankara yenye bei ya uongo. Ofisa wa forodha ana mamlaka ya kuikataa na kukadiria thamani kwa njia nyingine.

Fikiria pia kazi ya boti. Usafirishaji wa abiria wa kawaida, kama ule wa kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, umesamehewa VAT, kwa hiyo mwenye boti hawezi kudai kodi aliyolipa forodhani. Boti ya kukodishwa na watalii wanaokwenda Gombe au Mahale haimo katika msamaha huo, na mmiliki aliyesajiliwa anaweza kuidai.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, mpelekee wakala wa forodha rasimu ya ankara pamoja na picha mbili: namba ya mashine, na namba ya bodi ambayo kwenye boti nyingi za kiwandani huchongwa nyuma, upande wa kulia. Namba hizo zisipolingana na ankara, boti itasubiri bandarini huku gharama zikiendelea kuhesabiwa.