Jinsi ya Kupima Mpaka wa Uhuru Wako na Haki ya Jirani

Ukitaka kuongeza ghorofa katika Mji wa Kale wa Lamu, ambako nyumba zimebanana hata punda wenye mizigo hupishana kwa taabu, anza kwa kuuliza ni nani atakayedhurika, wala si nani atakayechukia. Jirani asiyependa rangi ya mlango wako hajadhulumiwa. Lakini dirisha lako likichungulia ua wake wa ndani, mahali ambapo wanawake wa nyumbani hukaa bila buibui, umemnyima faragha inayolindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010.

Kisha tafuta njia inayobana haki kwa kiasi kidogo kabisa. Kifungu cha 24, kinachoeleza namna haki inavyoweza kuwekewa mipaka na sheria, kinataka izingatiwe kama ipo njia nyepesi ya kufikia lengo lile lile. Kwa hiyo, kabla ya jirani kudai ujenzi wote usimamishwe, pandisheni dirisha lipite kimo cha mtu: upepo utaingia, macho hayatashuka. Makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mashahidi (maneno ya barazani husahaulika upesi), na kibali kiombwe, kwani mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001.

Kipimo cha kutodhuru, hata hivyo, ni kifupi. Hakikulazimishi kumpelekea maji mama mzee wa nyumba ya pili pampu yake inapoharibika, wala hushtakiwi usipompelekea; lakini watu wa mtaa watakuuliza, nami sioni kuwa wamekuingilia.