Volkswagen Beetle ya zamani au Toyota Vitz: namna ya kuzipima kabla hujalipa

Mwambie muuzaji wa Beetle asiwashe gari kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupashwa huficha mengi.

Anza na sakafu. Nyanyua kiti cha nyuma. Betri iko upande wa kulia, na asidi yake ndiyo hula bati hapo. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Kisha pima kingo zilizo chini ya milango, mahali bodi inapofungwa kwenye sakafu. Zikiwa zimeoza, acha. Kuzichomelea upya ni kazi kubwa kuliko kufungua injini, na milango isipofunga sawasawa baadaye hutajua umkamate nani. Muuzaji atakutajia Safari Rally: ni kweli Beetle ilishinda 1953, 1954, 1957 na 1962, lakini sakafu iliyo mbele yako haikuwa huko.

Sasa injini. Shika puli ya krenki, lile gurudumu linalozungusha mkanda wa feni, kwa mikono miwili, vuta kuja kwako, kisha sukuma. Nafasi inayoruhusiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, ambayo mkono hauhisi kitu. Ukisikia inagonga, beringi zimekwenda na injini inahitaji kufunguliwa yote. Fungua vifuniko vya valvu uingize fila (kibati chembamba cha kupimia) ya milimita 0.15 kwenye nafasi ya kila valvu, injini ikiwa baridi. Angalia sana silinda ya tatu: katika injini za kabla ya 1971, kipoza oili kimesimama kwenye njia ya upepo wake, hivyo huchemka kuliko wenzake. Nafasi ya valvu yake ya ekzosi ikipungua kila inaporekebishwa, valvu inarefuka, na siku si nyingi itakatika. Mipira ya petroli badilisha hata kama inaonekana mizima. Ikipasuka juu ya injini ya moto, gari huwaka.

Vitz haina haja ya mkono kwenye puli. Zungusha swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, na izime ukishawasha. Isipowaka kabisa, kuna aliyeizima ili kuficha kitu. Chomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu chini ya dashibodi, halafu ondoka taratibu ukiwa D. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ikitetemeka au kupiga mluzi, uliza iliwekwa mafuta gani; mafuta ya otomatiki ya kawaida huiharibu. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi. Ukikuta maji ya kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), imenyweshwa maji ya bomba. Injini ya silinda tatu, cc 996, hutetemeka kidogo gari likisimama. Huo si ugonjwa.

Kwa matumizi, jaza tangi mpaka pampu ikate, endesha kilomita 100 njia ileile kwa magari yote mawili, jaza tena kwenye pampu ileile. Lita 8 hadi 10 kwa Beetle ni kawaida. Zikifika 12, tazama kabureta au breki zinazoshika.

Oili ya Beetle ni lita 2.5 tu, haina filta ya karatasi ila wavu, kwa hiyo usivuke kilomita 5,000 bila kuibadilisha. Vitz yenye injini hiyo ya cc 996 hula lita 3.1 pamoja na filta. Na kama mtaani kwenu hakuna fundi anayejua kuweka platini (vidole vya kukata umeme wa plagi) za Beetle kwenye nafasi ya milimita 0.4, chukua Vitz.