SOMO: Kununua majarida ya katuni ya zamani bila kupigwa

Ndugu zangu wa Tanga, tangu nionyeshe ile Sani, jarida letu la katuni la Tanzania, niliyoipata Ngamiani, simu haijapumzika. Kila mtu anauliza niliipata kwa shilingi ngapi. Hilo si swali la kwanza. La kwanza ni jarida lenyewe liko katika hali gani, kwa sababu hali ndiyo bei. Basi tuanze.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Ukienda sokoni ukisema "nataka za zamani", utauziwa makaratasi. Uzee peke yake haulipi. X-Men namba 1 ya mwaka 1991, jarida la mashujaa la Marekani, iliuzwa nakala kama milioni 8, na watu wengi waliziweka kabatini wakisubiri utajiri. Mpaka leo zimejaa, na bei yake ni ndogo. Action Comics namba 1, lile jarida alilotokea Superman mara ya kwanza, iliuzwa senti 10 za Marekani mwaka 1938, watoto wakaisoma, ikachakaa, ikatupwa. Ndiyo maana mwaka 2024 nakala moja iliyotunzwa vizuri ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6.

Kwetu ni vilevile. Sani zenye wahusika kama Ndumilakuwili na Lodilofa zilikuwa kila nyumba, lakini nani alizitunza? Zilifungia karanga, zikawashia majiko ya mkaa. Za Lance Spearman, zile hadithi za picha za African Film, ziliazimwa mtaa mzima mpaka zikakatika. Iliyosalimika ndani ya sanduku la bati la babu wa mtu, hiyo ndiyo ya kufuata.

Hatua ya 2: Shika, fungua, hesabu

Hapa msiniharakishe, maana hapa ndipo pesa inapopotelea.

Jalada litakudanganya. Anza na pini zinazoshika kurasa. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na pini ikishika kutu, kutu hiyo huingia kwenye karatasi ikaacha doa la rangi ya chai, kisha karatasi inakatika palepale. Fungua katikati kabisa, taratibu, uone kama ukurasa wa kati bado umeshikwa na pini zote mbili. Pitisha kidole mgongoni mwa jarida. Ukiona vijistari vyeupe vilivyopasua rangi, limekunjwa mara nyingi. Nusa: harufu ya ukungu haifichiki. Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga uone matundu ya wadudu.

Kisha hesabu kurasa zote. Mimi hili nilijifunza kwa uchungu. Nilinunua jarida la 1974 la Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, kwa familia ya baharia mmoja pale Chumbageni, jalada linang'aa. Nilipofika nyumbani nikafungua ukurasa wa barua za wasomaji, nikakuta dirisha la mraba limekatwa kwa wembe. Miaka ile Marvel walikuwa wakichapa stempu ndogo ndani ya majarida ili watoto wazikate na kuzikusanya. Iliyokatwa stempu thamani yake inaporomoka vibaya. Muuzaji hakunidanganya, ni mimi sikufungua.

Hatua ya 3: Soma maandishi madogo

Mwaka na namba ya toleo viko ndani, kwa herufi za mchwa, aghalabu chini ya ukurasa wa kwanza. Ukisoma kwamba ni chapa ya pili, bei ishuke. Kwa vitabu vya Tintin, zile katuni za Ubelgiji, geuza nyuma usome orodha ya vitabu vingine vya mfululizo huo. Kinachodaiwa ni cha miaka ya 1940 huku kimeorodhesha Tintin au Tibet, kitabu cha 1960, kimechapwa baadaye.

Hatua ya 4: Tafuta bei iliyolipwa

Bei anayoitangaza mtu ni ndoto yake. Kwenye eBay, lile soko la mtandaoni, kuna sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, tazama hiyo. Na ulinganishe hali kwa hali. Kampuni ya CGC ya Marekani hupima majarida kuanzia 0.5 hadi 10, na tofauti ya alama moja inaweza kuzidisha bei maradufu. Ukiagiza nje, ongeza posta na ushuru kabla hujafurahi. Mimi na wenzangu wawili huagiza pamoja mzigo mmoja, tukagawana gharama.

Hatua ya 5: Patana kwa adabu

Kwa mzee, shikamoo kwanza, kiti, habari za nyumbani, ndipo jarida. Onyesha kasoro bila kulitukana, maana huenda ni la marehemu kaka yake. Na ukijua lina thamani kubwa naye hajui, mwambie. Mimi humwambia, na bado huniuzia.

MASWALI

*Wa Pongwe:* Kaka, nimekuta Sani thelathini, muuzaji anataka nichukue zote kwa mkupuo. Nifanyeje?

Zipange mafungu matatu: nzima, zilizochoka, zilizokatika. Fanya hesabu ya zile nzima tu. Kama bei ya zote thelathini haizidi thamani ya hizo nzima, chukua. Ikizidi, omba uchague, hata kama moja moja atakuuzia ghali kidogo. Bora tano safi kuliko thelathini mchanganyiko.

*Wa Muheza:* Nina Superman namba 75, ile anayokufa, bado imo kwenye mfuko wake mweusi. Nimetoka kimaisha?

Hapana, mdogo wangu. Ya 1992 hiyo, ziliuzwa mamilioni na wengi hawakufungua mfuko. Itunze kwa kuipenda.

*Dada wa Raskazone:* Zangu zinanuka ukungu. Nizianike juani? Na iliyochanika nitie selotepu?

Dada yangu, jua litakula rangi. Zitenge na nyingine, ziweke kivulini penye hewa siku kadhaa, usipanguse kwa kitambaa kibichi. Zikikauka, kila moja kwenye mfuko wake safi wa plastiki na kadi isiyo na asidi nyuma, zisimame ndani ya boksi mbali na sakafu. Vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, tia viwili vitatu humo. Selotepu usiiguse kabisa: gundi yake hugeuka njano, inapenya karatasi, na haitoki tena. Iache ilivyochanika.