Namna ya Kulipima Tangazo la Kazi ya DevOps Kabla ya Kuomba

Unapokutana na tangazo la kazi ya DevOps, yaani kazi ya kuunganisha uundaji wa programu na uendeshaji wa mifumo inayozibeba, linalomlenga mhandisi anayeanza, tafuta kwanza mahali linapoeleza utawajibika kwa nani na zamu za dharura zinapangwaje, ndipo uitazame orodha ya zana, yaani programu unazotakiwa kuzijua. Wengi hufanya kinyume: huhesabu zana wanazozijua, wakikuta nane kati ya kumi na mbili hutuma maombi, wakikuta tatu hukata tamaa, ilhali orodha yenyewe mara nyingi imenakiliwa kutoka kwenye tangazo la kampuni nyingine.

Orodha hiyo hufaa kwa jambo moja, nalo ni kukuonyesha kama aliyeiandika anaijua kazi: linganisha miaka ya uzoefu anayoidai na umri wa zana zenyewe. Jina DevOps lilianza kuvuma mwaka 2009, baada ya mkutano ulioandaliwa na Patrick Debois mjini Ghent, Ubelgiji. Docker, zana ya kufungasha programu pamoja na vyote inavyovihitaji, ilitolewa mwaka 2013, na toleo la 1.0 la Kubernetes, zana ya kuendesha vifurushi hivyo kwenye seva nyingi, likatoka Julai 2015. Anayetakiwa awe na uzoefu wa miaka mitano wa Kubernetes si anayeanza hata kidogo. Huyo ni mhandisi mzoefu anayetafutwa kwa mshahara wa mwanagenzi.

Chukua sentensi kama hii: "Atasimamia seva, mtandao na hifadhidata, atasaidia watumiaji ofisini, na awe tayari kupatikana muda wote." Seva, mtandao na hifadhidata ni kazi za watu watatu katika benki yoyote ya kawaida. Kusaidia watumiaji maana yake ni printa na nywila zilizosahaulika. Kupatikana muda wote maana yake ni kwamba hakuna ratiba ya zamu, kwa sababu hakuna wa kupokezana naye.

Niliwahi kuikubali kazi ya namna hiyo. Wiki ya tatu, usiku, diski ya seva ya hifadhidata ilijaa, nami, nikiwa sina mkubwa wa kumpigia simu, nikafuta folda iliyoitwa pg_xlog nikidhani ni logi za kawaida, kumbe ni rekodi za mabadiliko ambazo hifadhidata haiwezi kuwaka bila hizo. PostgreSQL, programu ya hifadhidata tuliyoitumia, ikagoma kuwaka. Makosa hayo yalikuwa ya wengi kiasi kwamba toleo la 10, la mwaka 2017, liliibadilisha jina folda hiyo ikawa pg_wal. Mtu mmoja mzoefu upande wa pili wa simu angenizuia kwa neno moja.

Kwa kazi iliyoko Tanzania, linganisha maelezo ya zamu na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne na hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Tangazo likisema tu kwamba mshahara ni "wa kuvutia", uliza kiasi, na uulize kama ni ghafi au cha kupokea mkononi. Kampuni ya nje ikikuajiri kama mkandarasi, kodi na akiba ya uzeeni ni juu yako, kwa hiyo usiilinganishe namba yao moja kwa moja na mshahara wa hapa nyumbani.

Angalia pia LinkedIn: wahandisi wangapi wapo, na wamekaa muda gani? Tangazo lilelile likirudi kila baada ya miezi michache, kuna jambo linalowafukuza watu.

Likibaki shaka, andika barua pepe fupi kabla ya kuandaa wasifu wako: "Naomba kujua ni nani atakayekagua mabadiliko yangu kabla hayajaingia kwenye mfumo unaotumiwa na wateja, na ni nani hupigiwa simu mfumo ukianguka saa nane usiku." Wakikutajia cheo na ratiba, omba kazi hiyo hata kama zana nne huzijui. Wakijibu kwamba mhandisi mwandamizi "yuko njiani", uliza anaanza tarehe ngapi.