SOMO: Kuchagua maltiplaya ya kurushia ufuoni na kuipima mwenyewe

Wazee, maltiplaya ni rili ambayo spuli yake, lile gurudumu la kukunjia uzi, inazunguka yenyewe uzi ukitoka, na swali la ipi inaenda mbali halishi, kila likija mmoja anataja kampuni ya ABU, mwingine Penn, mwingine Daiwa, mpaka usiku unaingia. Mi nasema hivi, hizo zote zikiwa saizi moja na zimetunzwa zinapishana mita chache tu. Kinachokula mita thelathini ni spuli iliyojazwa uzi mpaka mdomoni, breki usizozielewa, na ile hofu ya uzi kutatizana inayofanya mtu arushe kwa nusu ya nguvu zake. Rili ya kununua ni ile utakayoirusha kwa nguvu zako zote huku huiogopi, na hiyo utaijua kwa kuipima, dukani hawawezi kukwambia.

Nazungumzia uvuvi wa ufuoni wa chubwi la gramu 125 mpaka 175, rodi ya futi 12 mpaka 14, kama tunavyorusha ufuo ulio wazi kaskazini ya Malindi kuelekea mdomo wa mto Sabaki, ambako hakuna mwamba wa kuzuia mawimbi na kolekole na taa wanapita nyuma ya mkondo wa pili. Pale mita zina maana. Ukisimama juu ya mwamba Kilifi na maji yana kina miguuni pako, somo hili halikuhusu sana, dondosha tu.

HATUA YA 1: Saizi na gia

Kwa uzi wa nailoni wa unene wa milimita 0.35, saizi ya 6500 kwa hesabu za ABU inatosha, inabeba mita 200 na zaidi. Hii ndiyo saizi ambayo warushaji wa mashindano Uingereza wameishikilia miaka mingi, na wale kwenye uwanja wa nyasi, chubwi tupu bila chambo, wanapita mita 200 bila shida. Sababu ni kwamba spuli ndogo nyepesi inaanza kuzunguka haraka na inakubali kusimama haraka. Ukienda saizi ya 7000 unapata uwezo wa uzi mnene na gia ya nguvu ya 4.1 kwa 1 (mkono ukizunguka mara moja spuli inazunguka mara 4.1), lakini spuli nzito ikishashika mbio haikusikilizi tena.

Gia ya mbio kama 6.1 kwa 1 ya Penn 525 Mag inasaidia kunyanyua chubwi haraka lisikwame kwenye mawe wakati wa kuvuta, kwenye kurusha haiongezi hata futi moja maana ukirusha gia zimeachana na spuli. Naona watu wanalipia gia wakidhani wananunua umbali.

HATUA YA 2: Breki, hapa tulia

Kwanza elewa uzi unatatizana kwa nini. Ukiachia gumba, spuli inafika mbio zake za juu kabisa karibu papo hapo. Chubwi nalo linaanza kupunguzwa na upepo tangu linaondoka. Spuli haijui hilo, inaendelea kutoa uzi kwa mbio zilezile, uzi uliozidi hauna pa kwenda unavimba juu ya spuli, basi kwisha. Ndiyo maana tata nyingi zinatokea mwanzo wa mruko, si mwisho. Ile ya mwisho ni uvivu wa gumba tu, chubwi limegusa maji wewe unaangalia ndege.

Breki ni za aina mbili. Kuna za vipande, vijiplastiki vidogo vimevaa kwenye vijipini ubavuni mwa spuli, spuli ikienda mbio vinatupwa nje vinasugua duara la chuma. ABU nyingi za zamani zina viwili. Kizito kinabana zaidi, chepesi kidogo, ukivitoa vyote umejitakia. Za pili ni za sumaku. Sumaku haishiki aluminiamu, lakini spuli ya aluminiamu ikizunguka mbele yake umeme unazaliwa ndani ya spuli na ule umeme unapinga mzunguko, na kadiri mbio zinavyozidi ndivyo breki inavyobana. Kwahivyo ukikuta mtu amefunga sumaku kwenye rili kuukuu ya spuli ya plastiki, amepamba tu.

Kwa anayeanza chukua ya sumaku inayorekebishwa kwa nje. 525 Mag ina kitelezi ubavuni, unakisogeza kwa kidole hapohapo ufuoni upepo ukibadilika, bila kufungua skrubu na mchanga kuingia. Kwangu hilo lina thamani kuliko beringi za bei mbaya.

HATUA YA 3: Dukani, au kwa anayekuuzia mtumba

Usizungushe mkono ukasema laini, laini. Iachie spuli izunguke huru, isukume kwa gumba kushoto kulia. Inatakiwa icheze kidogo sana, unasikia kaa-tik. Isipocheza kabisa, ile nati ya pembeni imekazwa, ilegeze kisha ujaribu tena. Ikicheza sana hata ukikaza, mhimili umelika.

Sasa ipige spuli izunguke na uiweke karibu na sikio. Beringi nzima inavuma na kufifia polepole, iliyoingia chumvi inakwaruza na inasimama kwa kukata. Angalia pia ukingo wa spuli ikizunguka, ule mwanya kati yake na fremu usipanuke na kubana, maana spuli iliyopinda haina dawa, na mwanya mkubwa unameza uzi nyuma ya spuli. Kama ni ya sumaku ipige breki ikiwa sifuri halafu ikiwa mwisho, tofauti uione kwa macho. Mwisho vuta uzi dhidi ya dragi, ile breki inayoachia uzi samaki akivuta, utoke sawasawa bila kushtukashtuka.

Na tafadhali, rili kuzunguka sekunde nyingi dukani si umbali. Inakwambia beringi ni kavu na safi, basi. Nyingine zikizunguka sana hivyo ndizo za hatari zaidi.

HATUA YA 4: Kuitayarisha

Jaza uzi ukiwa umekazwa, acha milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Kisha lida, ule uzi mnene wa mbele unaobeba kishindo cha mrusho. Kanuni ya kale ya Waingereza ni paundi 10 za lida kwa kila aunsi ya chubwi, gramu 150 ni aunsi 5 na kidogo, kwahivyo lida ya paundi 50 na kidogo ni ya chini kabisa, mi natia 60. Urefu wake: utoke kwenye chubwi lililoning'inia, upande rodi yote, ushuke mpaka kwenye rili na uizungukie spuli mara 6 hadi 8. Hili usilipuuze, chubwi likikatika katikati ya mrusho linaruka kama risasi na huchagui litakwenda kwa nani. Fundo la lida lilaze pembeni ya spuli, mbali na gumba. Likiwa katikati litakuchana siku ya kwanza tu.

Gumba likilowa utelezi wa ngisi halishiki, ukisukuma rodi spuli inateleza na kukuunguza. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, tengeneza kama pete ya kuvaa gumbani. Bei yake bure na hakuna glovu iliyoishinda.

HATUA YA 5: Kupima

Siku ya bamvua, maji yamekupwa, mchanga umetandika mpana, hakuna watoto wala waogeleaji mbele. Uwanja wa mpira usiutegemee, kwa urefu ni kama mita 105, ukirusha vizuri umeshamtembelea jirani. Ndani ya hifadhi ya bahari pia hapana, ile ya Malindi imelindwa tangu 1968 na askari wa wanyamapori hawatasikiliza habari za kupima rili. Na huko Sabaki usijipeleke mdomoni mwa mto jioni, viboko wapo.

Chukua kamba iliyotiwa alama kila mita 10. Simu pia inapima lakini ina kosa la mita kadhaa, inafaa kujua kama umefika 120, haifai kutenganisha rili mbili zilizopishana mita 3.

Rodi moja, chubwi moja, uzi uleule, lida ileile. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, rili mpya ina uzi mpya wa 0.30 na ya zamani ina uzi mkuukuu wa 0.40, halafu wanasema rili mpya balaa. Uzi ndio umeenda mbali. Alafu usirushe rili ya kwanza yote ndipo uje ya pili, mkono utakuwa umechoka na upepo umegeuka. Rusha A, B, A, B, mpaka kila moja imerushwa mara 5 au 6.

Anza breki zikiwa nyingi, rusha taratibu, punguza kidogokidogo. Ukiona uzi unapanda kidogo juu ya spuli kama pamba mwanzoni halafu unarudi kulala, hapo umefika, rudisha breki nusu hatua. Chubwi likionekana kama limevutwa shati angani na kuanguka ghafla, breki zimezidi.

Kwenye daftari usiandike mrusho uliovunja rekodi. Panga mirusho kwa urefu, chukua ule wa katikati, na andika pembeni tata ngapi. Mfano rili A inatoa 128 bila tata, rili B inatoa 134 na tata mbili katika sita. Mimi nabeba A macho yamefumba, maana usiku na upepo wa kusi unakuja usoni, B itanigeuza fundi wa kufumua uzi wakati kolekole wanapita.

Ukimaliza, tia chambo halisi urudie. Kipande kikubwa cha ngisi kinaweza kula robo ya umbali au zaidi, na kinapunguza mbio za chubwi kwahivyo breki zinatakiwa ziongezwe. Funga ndoana kwenye klipu nyuma ya chubwi ili chambo kisipepee. Klipu hiyo ya shilingi chache inaongeza mita kuliko kubadilisha rili.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tanga: Asante mwalimu. Yangu ina kile kidude kinachotembea kupanga uzi, nikikitoa itaongeza umbali?

Jibu: Itaongeza kidogo ndugu yangu, na faida kubwa ni fundo la lida halitagonga tena kwenye kitundu chake. Lakini baada ya hapo ni wewe kupanga uzi kwa gumba ukivuta, kushoto kulia, kila siku hata samaki akiwa anakimbia. Uzi ukirundikana katikati mrusho unaofuata ni tata. Kama huvui mbali sana kiache.

Mdau wa Mombasa: Yakhe mbona unatutia woga wa breki, gumba langu ndiyo breki, nimetoa vipande vyote na narusha vizuri tu.

Jibu: Sikukatalii shehe, wapo wanaoweza na pengine wewe ni mmoja wao. Ila nipe daftari la usiku mmoja wa kusi, chambo kizito, mkono umelowa. Mchana kwenye mchanga kila mtu bingwa.

Mdau wa Kilifi: Kaka si heri ninunue spina kubwa tu nimalize, haitatizani.

Jibu: Spina, ile rili ambayo spuli yake haizunguki ukirusha, ni jibu halali kabisa. Kwa chambo chepesi na usiku wa giza spina haina presha, na mita utakazopoteza si nyingi. Maltiplaya inakulipa kwenye chubwi zito na samaki mzito, inavuta moja kwa moja bila uzi kupinda kona. Kama unavua mara mojamoja chukua spina, sitakasirika.

Mdau aliyeko Uingereza: Salamu kutoka Dorset. Hapa Chesil watu wote wana 6500, ila mimi najitahidi kurusha mbali na jirani anapata samaki karibu. Rili yangu ina shida?

Jibu: Rili haina shida bwana. Ule ufuo ni wa kokoto na unashuka ghafla, kina unakipata karibu, mara nyingi umbali si kitu. Muulize jirani anatumia chambo gani kabla hujanunua chochote. Na baridi ikizidi oili nzito inaganda kidogo kwenye beringi, utaona mirusho inafupika bila sababu.

Mdau wa Dar: Uzi wa kusuka je? Mwembamba, si utaenda mbali zaidi?

Jibu: Kwenye spina sawa. Kwenye maltiplaya ukivuta kitu kizito unazama katikati ya mikunjo ya chini, mrusho unaofuata unakamata ghafla na chubwi linabaki baharini. Tata yake nayo unakata kwa kisu, haifumuliki. Jifunze kwa nailoni kwanza.

Mdau wa Lamu: Oili gani, na nioshe vipi? Nimeambiwa ya cherehani.

Jibu: Ya cherehani ni nyepesi sana, rili itakuwa kali, ukiitia ongeza breki. Ikikuzidi tia oili nzito zaidi, nayo ni breki ya aina yake. Tone moja kila beringi, grisi ni ya gia tu, kwenye beringi za spuli usiitie. Oili ya kupikia hapana kabisa. Kuosha, kaza dragi, mwagia maji baridi ya polepole, usipige kwa mpira wa presha maana unasukuma chumvi ndani. Futa, kausha kivulini, halafu legeza dragi kabla hujaiweka.