Angalia shilingi zitakazofika, siyo ada tu

Wenye ndugu ughaibuni wanaotuma hela huku Kigoma, waambieni neno "bure" kwenye programu za kutuma fedha lisiwalevye. Mara nyingi faida ya kampuni imejificha kwenye kiwango cha kubadilishia.

Tuseme ndugu yako anatuma dola 200. Kampuni ya kwanza haikati ada, ila inabadilisha kila dola kwa shilingi 2,450: zinafika shilingi 490,000. Ya pili inakata dola 3 na kubadilisha kwa 2,550: zinafika 502,350. Hiyo "bure" imekula zaidi ya elfu kumi na mbili, hela ya samaki migebuka hiyo jamani!

Kwa hiyo aweke kiasi kilekile kwenye programu mbili tatu, kwa wakati mmoja, alinganishe kinachoingia. Kiwango cha Benki Kuu kipo kwenye tovuti yao, akitumie kama kipimo. Akilipa kwa kadi ya mkopo, gharama huweza kupanda.

Jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyosajiliwa kwenye laini ya simu inayopokea hela. "Mama Hamisi" mfumo haumjui. Na ada ya kutolea kwa wakala aijumlishe kabisa, isije ikamegwa kwenye karo ya mtoto.