Namna wakazi wanavyoweza kufikisha dai lao kwa wenye maamuzi na kulisimamia

Uchechemuzi wa ngazi ya chini ni kazi ya wakazi wa kawaida kujipanga, kuliweka dai lao wazi na kulifuatilia kwa mwenye mamlaka mpaka uamuzi utolewe na utekelezwe. Kazi hii haihitaji cheo wala kadi ya chama cha siasa. Inahitaji dai linaloeleweka, watu walio tayari kulisimamia, na ufahamu wa mahali na wakati ambapo uamuzi unafanyika. Hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi, nami naamini ndilo linaloangusha juhudi nyingi njema, kwa kuwa watu hupaza sauti baada ya bajeti kupitishwa au mkataba kutiwa saini, wakati ambapo hata kiongozi mwenye nia njema hana tena nafasi ya kubadili jambo.

Anza kwa kuigeuza kero kuwa dai. Kusema kwamba barabara ni mbovu ni kulalamika. Kuitaka halmashauri itenge fedha za kujenga kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya shule fulani katika bajeti ya mwaka ujao ni kudai. Dai lililokamilika linamtaja anayetakiwa kutenda, jambo analotakiwa kulitenda na muda wa kulitenda, na kipimo chake ni kwamba anayelipokea anaweza kujibu ndiyo au hapana bila kujificha nyuma ya maneno ya jumla.

Kabla ya kuliandika, wasikilizeni majirani nyumba kwa nyumba, hasa wale wasiofika mikutanoni kwa sababu ya kazi, ugonjwa au malezi. Mwaka 1978, katika mtaa wa Love Canal mjini Niagara Falls, Marekani, mama aliyeitwa Lois Gibbs alipita milangoni akiomba saini ili shule iliyojengwa penye taka za kemikali ifungwe. Katika mazungumzo hayo alisikia habari za watoto wagonjwa na mimba zilizoharibika, akatambua kwamba tatizo lilikuwa limeupita uwanja wa shule. Wakazi waliorodhesha magonjwa na kuyaonyesha kwenye ramani, dai lao likapanuka na kuwa la kuhamishwa kwa familia, na kufikia mwaka 1980 serikali ya Rais Jimmy Carter ilikubali kugharimia kuhama kwao. Kama Gibbs angeandika barua peke yake nyumbani, dai lingebaki kuwa la shule moja tu.

Ushahidi ndio unaolipatia dai uzito. Kusanyeni picha zenye tarehe, kumbukumbu za matukio, risiti, na zaidi ya yote nyaraka za mamlaka yenyewe: bajeti, muhtasari wa vikao, mikataba ya wakandarasi na taarifa za matumizi. Nchi nyingi zina sheria inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa za umma, na ombi la maandishi linalotaja hati mahususi na mwaka wake ni vigumu kulikataa kuliko ombi la kutaka kila kitu. Katika jimbo la Rajasthan nchini India, kuanzia mwaka 1994, jumuiya ya vibarua na wakulima iitwayo Mazdoor Kisan Shakti Sangathan iliitisha mikutano ya hadhara vijijini na kusoma kwa sauti orodha za malipo ya kazi za umma. Waliohudhuria walisikia yakitajwa majina ya watu ambao hawakuwahi kufanya kazi hizo, na hata ya marehemu. Harakati hizo zilichangia kupatikana kwa sheria ya taifa ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005.

Sasa mtafuteni mwenye uamuzi. Wakazi wengi hupigwa danadana kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa sababu hawajajua ni nani hasa anayetia saini. Ulizeni mambo manne: ni chombo gani kinachoamua, nani anakiandalia mapendekezo, kikao kinafanyika lini, na maoni ya wananchi hupokelewa mpaka siku gani. Afisa anayeandaa rasimu mara nyingi ni muhimu kuliko kiongozi anayeonekana jukwaani, kwa sababu jambo lisiloingia kwenye rasimu huwa nadra kuingia baadaye. Jiji la Porto Alegre nchini Brazili, lililoanzisha bajeti shirikishi mwaka 1989, linafaa kutazamwa kwa jambo hili. Huko wakazi walipanga vipaumbele katika mabaraza ya maeneo yao na kuchagua wajumbe wa kuvifuatilia, na yote hayo yalifuata kalenda iliyojulikana tangu mwanzo wa mwaka. Hata mahali pasipo na utaratibu huo, kalenda ya bajeti ipo, na kundi linaloijua hufika mapema.

Barua isizidi ukurasa mmoja, ianze na dai na kufuatiwa na ushahidi. Ipelekeni kwa mkono, mkabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Orodha ya saini ina nguvu zaidi ikionyesha eneo anakoishi kila aliyesaini, kwa kuwa diwani hupima kwanza sauti za wapiga kura wake.

Mkipata nafasi ya kuonana na kiongozi, wajumbe wachache wanatosha: mmoja aongoze mazungumzo, mmoja mwenye kuathirika moja kwa moja aeleze hali yake, na mmoja aandike kila ahadi inayotolewa. Msiondoke kabla ya kuuliza hatua inayofuata ni ipi na itachukuliwa lini, kisha ndani ya siku chache mumwandikie kumshukuru na kuyarudia aliyoyaahidi. Barua hiyo ya shukrani ndiyo itakayowafaa siku ahadi itakaposahaulika.

Ikiwa njia hizi hazikuzaa jibu, ongezeni shinikizo hatua kwa hatua: vyombo vya habari, mkutano wa hadhara, maandamano ya amani au mgomo wa kutotumia huduma. Someni kwanza sheria ya eneo lenu kuhusu kutoa taarifa au kuomba kibali kabla ya mkusanyiko, wekeni watu wa kulinda utulivu, na msitangaze jina wala picha ya mtu anayeweza kudhurika bila ridhaa yake. Mgomo wa mabasi wa Montgomery nchini Marekani, ambapo watu weusi waliacha kupanda mabasi yaliyowabagua, ulianza tarehe 5 Desemba 1955 na kudumu siku 381, na hukumbukwa kwa kukamatwa kwa Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti. Lakini baraza la wanawake la mji huo, likiongozwa na Jo Ann Robinson, lilikuwa limemwandikia meya tangu Mei 1954 likitaja madai yake na kuonya juu ya mgomo. Walipoamua kugoma, vipeperushi vilichapwa usiku uleule, na muda si mrefu kukapangwa magari ya kuwabeba wafanyakazi. Kundi linaloitisha mgomo bila kujiuliza watu watafikaje kazini linawatwisha mzigo wale wasio na uwezo wa kuubeba.

Ndani ya kundi, gawaneni majukumu, wekeni hesabu za michango wazi kwa wote na wapokeeni wafuasi wa vyama vyote. Wakati wa uchaguzi, waulizeni wagombea wote swali lilelile mbele ya hadhara na kuyaandika majibu yao, bila kundi kumpigia debe yeyote, maana atakayeshinda ndiye mtakayemfuata ofisini.

Uamuzi ukitolewa kwa upande wenu, hakikisheni umeandikwa kwenye muhtasari wa kikao na fedha zake zimetengwa katika kifungu kinachojulikana. Wateueni watu wawili au watatu wa kufuatilia zabuni, kukagua kazi inavyoendelea na kuwapa majirani taarifa kila mwezi, hadi mradi utakapokabidhiwa na hesabu zake kufungwa.